Kuku wa Uani na Sanduku la Kufuli Tatu

Mazungumzo juu ya kazi ndogo za wanawake wa Singida, na jinsi ziwezavyo kuwasaidia wahitaji

Wasikilizaji wetu, na ninyi pia mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi huliona dogo. Jambo lenyewe ni kazi ile ambayo mwanamke aweza kuifanya uani kwake, bila kufunga safari na bila kuwaacha watoto: kufuga kuku, kukamua mafuta ya alizeti, kusuka vikapu na nyungo. Twataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza, jinsi kazi hiyo iwezavyo kumpa mwanamke fedha zake mwenyewe na neno lake mwenyewe nyumbani. La pili, jinsi sehemu ya fedha hizo iwezavyo kuwafikia yatima, wajane na wagonjwa wa kijiji, wala isiwaache watoaji nao wakiwa wahitaji.

NCHI YENYEWE

Mkoa wa Singida uko katikati ya Tanzania. Kaskazini ziko wilaya za Iramba na Mkalama. Katikati uko mji wa Singida wenye maziwa yake mawili, Singida na Kindai, na jirani yake ni Ikungi. Kusini ziko Manyoni na Itigi, ipitapo reli ya kati. Ni nchi ya Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu, na upande wa Manyoni wako Wagogo. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi, upepo na vumbi. Mvua ikikatika mapema, mtama na mahindi hukauka yakiwa bado machanga, na nyumba nyingi huwa hazina chakula kabla ya mavuno mengine.

Katika nchi ya namna hiyo ni hatari kutegemea shamba peke yake. Mtu mwenye njia moja tu ya riziki, njia hiyo ikifungwa, amefungwa yeye. Kwa hiyo watu wa Singida tangu zamani wamekuwa na njia nyingine: ng'ombe na mbuzi, asali ya misitu ya Manyoni na Itigi, vitunguu, alizeti, na kuku. Katika hizo zote, kuku ndiye aliye karibu zaidi na mkono wa mwanamke. Ng'ombe huhesabiwa kuwa mali ya mume na ukoo. Lakini kuku, katika nyumba nyingi, mama ndiye amlishaye, ndiye amjuaye, na mara nyingi ndiye amuuzaye.

Kuku wa kienyeji wa Singida wana sifa nchini. Aliyepita njia kuu iendayo Dodoma ameyaona matenga yao yakipakiwa juu ya magari kwenda Dar es Salaam. Lakini mchuuzi anunuaye kuku mmoja mmoja vijijini ndiye apatae faida kubwa, na mama aliyemfuga hupata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu mama huuza siku ya shida. Mtoto ana homa, au daftari zimekwisha, basi hukamata kuku mmoja na kumtoa kwa bei yoyote atakayopewa. Huko si kufanya biashara bali ni kuponyoka katika shida. Biashara huanza siku ile mtu auzapo kwa sababu ameamua, wala si kwa sababu amebanwa.

ADUI WA KUKU

Mtu atauliza, "Mbona tumefuga kuku miaka yote, wala hatukutajirika?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni ugonjwa uitwao mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mnaujua. Kuku husinzia, huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na kwa siku chache banda zima huwa tupu. Aghalabu huja wakati wa kiangazi. Mwanamke aliyekuwa na kuku ishirini siku ya Jumatatu huweza kubaki na wawili Jumatatu ya pili. Ndiyo maana wengi hawaweki nguvu katika kuku, husema, "Watakufa tu."

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuponya, lakini una chanjo. Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia waliitengeneza kwa ajili ya kuku wa vijijini, nayo hutengenezwa pia hapa Tanzania. Sifa yake ni kwamba huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa nayo yapasa kutunzwa mahali pa baridi na kukingwa na jua. Hutiwa tone moja katika jicho la kuku, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Hupewa kuku wazima, wala si walioanza kuugua, maana aliyekwisha kushikwa haimwokoi.

Sasa angalieni jambo moja kubwa. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi sana, tena ikiisha kufunguliwa haikai. Mwanamke mwenye kuku watano akiinunua peke yake, atatumia matone matano na kumwaga yaliyobaki. Lakini wanawake ishirini wa kitongoji kimoja wakichanga senti zao, na kuchanja kuku wote siku moja, kila mmoja hulipa kidogo sana. Zaidi ya hayo, ugonjwa haupati nyumba ya kuanzia. Kwa hiyo kuku mwenyewe atufundisha umoja: huwezi kumlinda wa kwako ikiwa wa jirani anakufa.

Baada ya chanjo, linalofuata ni vifaranga. Wengi huliwa na mwewe na vicheche, au hufa kwa baridi katika majuma ya kwanza. Yafaa vifaranga wawekwe ndani ya tenga au chumba kidogo kwa muda wa mwezi mmoja au zaidi, wapewe chakula na maji safi humo humo. Kuku mkubwa naye alale katika banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye kupitisha hewa, wala si jikoni penye moshi. Chakula si lazima kinunuliwe chote. Pumba za mtama zipo, majani mabichi yapo, mashudu ya alizeti yapo. Hata mchwa waweza kutegwa: jaza samadi yenye unyevu katika chungu cha zamani, kifudikize jioni karibu na njia ya mchwa, na asubuhi utakuta chakula kizuri cha vifaranga.

HESABU YA BIBI FULANI

Sasa natufanye hesabu, maana biashara isiyo na hesabu ni mchezo. Tutatwaa mfano tu, na bei zenyewe kila mtu azipime kwa soko la kwao. Bibi Fulani ana matetea 4 na jogoo 1, aliowanunua kwa shilingi 15,000 kila mmoja. Mtaji wake ni shilingi 75,000. Kila tetea hulalia mara 3 kwa mwaka, na kila mara hutotoa vifaranga 10. Vyote ni vifaranga 120. Tuseme nusu hufa au huchukuliwa na mwewe, hubaki 60. Bibi Fulani awaacha 10 kuongeza kundi, awauza 50 kwa shilingi 12,000 kila mmoja. Apata shilingi 600,000. Chanjo, dawa na chakula alichonunua ni shilingi 180,000. Faida yake ni shilingi 420,000.

Hesabu hii si ahadi. Asiyechanja aweza kupata sifuri. Lakini twataka mwone yale yafuatayo, maana hapo ndipo watu wengi hupotea. Bibi Fulani azigawanye shilingi 420,000 katika vyungu vitatu. Chungu cha kwanza ni cha nyumba, nusu yake, shilingi 210,000: ada, sabuni, chumvi, matibabu. Chungu cha pili ni cha mtaji, sehemu nne katika kumi, shilingi 168,000: banda kubwa zaidi, au kununua alizeti wakati wa mavuno. Chungu cha tatu ni cha msaada, sehemu moja katika kumi, shilingi 42,000.

Sharti moja lishikwe sana: msaada hutoka katika faida, wala hautoki katika mtaji. Mwanamke akimpa mgeni tetea wake anayetaga kwa sababu ya huruma, amesaidia siku moja. Akimpa mtoto wa tetea yule, amesaidia, na kesho aweza kusaidia tena. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Maneno hayo ni ya kweli, lakini moyo nao wahitaji akili ya kuhesabu.

ALIZETI NA VIKAPU

Hatutasema mengi juu ya kazi nyingine, maana kanuni ni ile ile. Alizeti huvunwa wakati kila mtu anavuna, na wakati huo bei yake huwa chini. Mwanamke auzaye gunia shambani amempa mwingine faida ya mafuta na ya mashudu pia. Akiweza kungoja, akalikamua, akayaacha mafuta yatulie, akayachuja na kuyatia katika vyombo safi, atauza mafuta jikoni kwa majirani na mashudu atawalisha kuku wake. Katikati ya miaka ya 1980 huko Arusha, fundi Carl Bielenberg alibuni mashine ya kukamulia kwa mkono, yenye mpini mrefu, ili watu wa vijijini wasio na umeme waweze kukamua alizeti wenyewe. Siku hizi viko vinu vya mashine katika mji wa Singida na miji midogo, na kikundi chaweza kupeleka magunia yake kwa pamoja.

Vikapu, nyungo na mikeka nazo ni kazi za kiangazi, mikono ikiwa haina jembe. Shida yake si ufundi, maana ufundi upo; shida ni soko. Mnunuzi wa mbali ataka vikapu hamsini vya kipimo kimoja, wala si kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Kwa hiyo hapa nako twarudi palepale: kikundi.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Katika vijiji vingi vya Tanzania wanawake hukutana kila juma chini ya mti au barazani, wamelizunguka sanduku la chuma. Sanduku hilo lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu mbalimbali, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Fedha huhesabiwa mbele ya wote. Anayechelewa hulipa faini. Vikundi hivi huitwa kwa majina mengi, na jina linalojulikana zaidi ni VICOBA.

Asili yake ni hii. Mwaka 1991 katika nchi ya Niger, huko Afrika ya Magharibi, shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini wasiojua kusoma waweke akiba pamoja na kukopeshana wao kwa wao, bila benki na bila fedha za kutoka nje. Mpango huo ulifika Zanzibar, kisha bara, na ukaenea. Lakini msingi wake haukuwa mgeni kwetu, kwa kuwa mama zetu walikuwa wakichanga na kupokezana tangu zamani, na haba na haba hujaza kibaba.

Katika kila mkutano, mwanachama hununua hisa, na kutokana na hisa hizo watu hukopa na kulipa na ziada kidogo. Mwisho wa mwaka hugawana. Lakini pembeni ya hisa uko mfuko wa pili, mdogo, uitwao mfuko wa jamii. Fedha za mfuko huu hazikopeshwi kwa faida. Ni za msiba, ugonjwa na yatima. Na hapa ndipo biashara ya uani na msaada kwa wahitaji hukutana.

Tuseme kikundi kina wanawake 20, na kila mmoja atoa shilingi 500 kila juma katika mfuko wa jamii. Kila juma ni shilingi 10,000. Kwa majuma 52 ni shilingi 520,000. Hakuna hata mmoja wao aliye tajiri. Hata hivyo, kwa fedha hizo waweza kuwanunulia sare na madaftari watoto yatima kadhaa wa kitongoji chao, na bado ikabaki akiba ya msiba. Wala hawakumngoja mfadhili.

Walakini mfuko wa jamii wahitaji sheria iliyoandikwa, maana fedha za huruma ndizo zipoteazo upesi. Iandikwe ni nani asaidiwaye, kwa shida gani, na kwa kiasi gani. Iandikwe kwamba mwenyekiti hana haki ya kumpa ndugu yake pasipo mkutano kukubali. Na kila msaada uandikwe katika daftari, jina la siku na kiasi, ili hata mjukuu akisoma baadaye aone fedha zilikwenda wapi.

KOPA KUKU, LIPA KUKU

Iko njia nyingine ya kutoa, nayo twaiona kuwa bora zaidi. Mwaka 1944 mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, alianzisha shirika la kupeleka ng'ombe kwa watu waliokuwa na dhiki. Sharti lake lilikuwa jepesi: aliyepewa mtamba, huyo ndama jike wa kwanza atakayezaliwa atampa mhitaji mwingine. Shirika hilo, ambalo leo huitwa Heifer, lilifika Tanzania katika miaka ya 1970, na watu wetu wakaupa mpango huo jina zuri: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Baadaye ikawa mbuzi.

Kikundi cha wanawake cha kitongoji chaweza kufanya hivyo kwa kuku. Mjane apewe matetea wawili na jogoo mmoja, pamoja na chanjo ya mwaka wa kwanza. Asidaiwe fedha. Mwaka ukiisha, arudishe matetea wawili wachanga, nao wapewe mjane wa pili. Mjane wa kwanza hakai tena upande wa wapokeao, amekuwa mtoaji. Mtu aliyezoea kuitwa maskini, siku akabidhipo kuku kwa mwenziwe mbele ya mkutano, hutembea kwa namna nyingine. Msaada wa unga huliwa ukaisha, na wakati wa njaa ni lazima utolewe, maana tumbo halingoji yai lianguliwe. Lakini njaa ikipita, kuku ndiye afaaye.

Tutoe ushuhuda mmoja wa huku huku Singida. Mwaka 2003 mume na mke kutoka jimbo la Iowa, Marekani, Floyd Hammer na Kathy Hamilton, walifika kijiji cha Nkungi kusaidia kazi ya hospitali. Walikuta njaa, na waliyoyaona hayakuwatoka moyoni. Waliporudi kwao wakaanzisha mwaka 2004 shirika la kufungasha na kugawa chakula, na mnamo tarehe 15 Julai 2013 walipewa heshima katika ikulu ya Marekani kwa kazi hiyo. Jambo hilo ni jema, nasi twalishukuru. Lakini tujiulize: ikiwa wageni wawili waliona shida ya Nkungi wakaamua kutenda, sisi tukaao karibu na Nkungi tumeamua nini?

NENO KWA WANAUME, NA NENO KWA WANAWAKE

Wako wanaume waogopao mke akiwa na fedha. Husema, "Ataniona si kitu." Tuwaambie kwa upole: mke asiye na senti hukuomba chumvi, akakuomba sabuni, akakuomba ada, hata mkachokana. Mke mwenye kuku wake huuliza, "Mwenzangu, mimi nina hizi, wewe una ngapi, tufanyeje?" Swali la pili ni la watu wawili washaurianao. Lakini mume achukuaye fedha za kuku kwa nguvu huua biashara kama mdondo uuavyo, maana mwaka wa pili mama hatafuga.

Nanyi akina mama, jueni haki zenu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Tangu mwaka 2018 sheria yaziagiza halmashauri kutenga sehemu kumi katika mia za mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu utengenezwe upya, ikaanza tena mwaka 2024. Hupewa vikundi vilivyoandikishwa. Basi mwulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Kadhalika SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi Singida na hufundisha kazi kama kukamua mafuta na kufungasha bidhaa. Lakini msikope kabla ya kujua kufanya hesabu ya Bibi Fulani, maana mkopo usio na riba nao ni deni.

MWISHO

Ninyi wanafunzi msomao maneno haya, mna kazi yenu. Mama zenu wengi wajua kuku kuliko mwalimu, lakini daftari wawaachia ninyi. Mwandikieni mama siku ya chanjo, na siku ya kurudia baada ya miezi mitatu. Mwandikieni aliyouza na aliyonunua. Kazi hiyo ni ya dakika chache jioni, nayo yaweza kuokoa banda zima.

Mambo ya kukumbuka ni manne. Chanjeni pamoja, siku moja. Uzeni kwa kuamua, wala si kwa kubanwa. Toeni msaada katika faida, msile mbegu. Na anayesaidiwa apewe njia ya kuwa mtoaji.

Jioni ya leo, kuku watakapoingia bandani, wahesabuni na kuandika idadi yao. Kesho mwulizeni jirani naye ana wangapi. Chanjo ya kitongoji huanza kwa hesabu hiyo, na sanduku la kufuli tatu hufuata.

Kwaherini.